Kipimo cha Upepo Kilikuwa Mlangoni

Leo nimemwita fundi mjinga mbele ya wateja wake, na mjinga nilikuwa mimi.

Saidi huziba pancha hapa Kimara. Nilimwonyesha namba iliyoandikwa kwenye tairi: "Jaza upepo mpaka hapa."

"Mzee wangu, huo ni upepo wa mwisho ambao tairi inaweza kubeba. Kipimo cha gari lako kimebandikwa mlangoni."

"Usinifundishe, mjinga wewe!"

Wateja wakacheka, mmoja akasema: "Saidi, leo umepatikana!"

Saidi akajaza mpaka pale nilipotaka.

Nyumbani nikafungua mlango wa dereva, nikasoma kibandiko: namba yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwenye tairi. Miaka tisa naufungua mlango huo!

Nikarudi kumwomba radhi.

"Yameisha, mzee. Tuache tairi zipoe, ndipo tupime."

Waliomcheka walikuwa wameshaondoka. Ikiwa mmoja wenu anasoma hapa, ajue kwamba Saidi alikuwa sahihi.