Milima Aliyoniwekea Hamisi

Kosa nitakalolieleza hapa ni majivuno ya msomi: kudhani kwamba nchi uliyoisoma umekwisha kuifika. Kosa hilo ni langu. Kwa miaka kumi na minne mdogo wangu Hamisi, dereva wa malori katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, alinialika nikamtembelee. Kila mara nilimjibu kutoka Johannesburg, ninakofundisha jiografia, kwamba jimbo lake nalijua. Nikamtajia kanda zake tano kama ninavyowatajia wanafunzi. Tulijifunza kuzichora pamoja huko Tanga, kwa atlasi moja, tumelala kifudifudi mkekani.

Mwaka huu alipiga simu kunieleza kuwa sukari imemmaliza macho. "Nimezunguka jimbo lote, kaka, ila milima ya kaskazini sijaikanyaga. Nilikuwekea wewe."

Nilikata tiketi wiki ile ile.

Nilimkuta pwani, mjini Savannah. Alinipapasa uso kwa mikono miwili, akasema nimenenepa. Harufu ya matope ya chumvi kutoka kwenye vinamasi ilinirudisha kwenye mikoko ya utotoni. Jirani yake, mama wa Kikongo kutoka Bukavu aliyewahi kusuka nywele Rosettenville, mtaa wa huku kwetu Johannesburg, alijitolea kutuendesha hadi milimani. Aliniuliza kama roboti, yaani taa ya kuongoza magari, pale kona ya mtaa huo bado inazimika mvua ikinyesha. Nikamwambia siku hizi inazimika hata jua likiwaka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliingia kwenye nyanda tambarare: mchanga, misonobari, mashamba ya karanga yasiyo na mwisho. Nilifunua ramani, nikaanza kueleza jinsi bahari ilivyowahi kufika huko. Hamisi aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Mwalimu," alisema yule mama, "weye unasoma. Ndugu yako anataka aone."

Kufikia saa nne nchi ilianza kupanda na kushuka, na kingo za barabara zikawa za udongo mwekundu. Ulikuwa wekundu ule ule uliotuchafulia sare za shule tulipopelekwa kwa bibi, Korogwe. Nililiwaza hilo, lakini sikulisema. Niliona si jambo la kitaaluma.

Saa nane tulisimama milimani. Hamisi alishika reli ya chuma, akaelekeza uso kwenye upepo. Hii ndiyo saa aliyoningojea, na macho pekee aliyokuwa nayo ni yangu. Nikamwambia kwamba miamba ile ni ya kale mno, imelainishwa na mmomonyoko.

"Hayo tuliyasoma, kaka," alisema taratibu. "Kuna nini hapo?"

Niliinamia ramani tena. Yule mama alinipokonya ramani, akaikunja, akaitia mkobani mwake.

"Unakumbuka tulivyoiona Usambara," nilisema hatimaye, "tukiwa juu ya lori la machungwa, tukitoka Muheza? Ni buluu ile ile. Lakini hii imepangana, safu nyuma ya safu, kila ya nyuma imepauka zaidi, kama kanga za mama zilizofuliwa mara nyingi. Chini kuna nyumba moja. Moshi wake haupandi."

"Umelala bondeni."

"Umelala bondeni."

Aliiachia reli. "Basi nimefika," akasema.

Nimerudi Johannesburg. Darasani kwangu Braamfontein, ramani sasa huitundika mwisho wa somo. Jumapili iliyopita nilikwenda Soweto kwa Mtanga mwenzangu mwenye spaza, kiduka cha mtaani, ambaye mialiko yake niliikataa miaka mingi kwa kuwa Soweto, nilidai, naijua. Sikuijua. Na kila Jumamosi nampigia Hamisi, namweleza kilicho nje ya dirisha langu, hata kama ni ukuta tu na nguo za majirani.

Miaka kumi na minne niliyoipoteza kwa kiburi hairudi. Alasiri moja iliokolewa, na aliyeiokoa ni yule aliyeikunja ramani yangu: Furaha Nabintu.