Fundi Testa na Reli ya Volti Kumi na Mbili

Fundi umeme akianza kuogopa umeme, amwambie nani? Mwashi anayeogopa kupanda juu atasema ana kizunguzungu, na dereva aliyeichoka barabara atasingizia macho. Lakini fundi umeme? Watu wangecheka mpaka washike mbavu. Kwa hiyo Testa akanyamaza.

Testa si jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa hivyo kazini kwa sababu ya ile bisibisi ya kupimia umeme, yenye taa ndogo ndani ya mpini, aliyokuwa akiichomeka kwenye mfuko wa shati kila siku kama wengine wanavyochomeka kalamu. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mpole, na masharubu yake aliyapunguza kwa mkasi wa mkewe, ambaye alikuwa fundi cherehani na aliuonea uchungu sana mkasi huo. Mwenzake wa kazi tangu ujanani alikuwa Ngamia, jitu refu lenye maneno mengi, ambalo halikuhitaji ngazi pale wengine walipohangaika kupanda. Walikula pamoja, wakataniana pamoja, wakanyeshewa na mvua pamoja juu ya nguzo.

Mchana mmoja, nyuma ya ghala la nguo, Ngamia aliingiza mkono ndani ya boksi la umeme ambalo waliambiwa limeshazimwa. Halikuwa limezimwa. Testa alikuwa kando yake, ameshika tochi. Hakusikia ukelele, maana Ngamia hakupiga ukelele. Alisikia mlio wa chini tu, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, na akauona ule mkono mrefu wa rafiki yake usiotaka kuachia.

Alimzika mwenzake, akapumzika kidogo, akarudi kazini. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Testa nyasi zake zilikuwa kila mahali. Friji ya nyumbani ikianza kunguruma, jasho jembamba linamtoka. Kazini alikuwa wa kwanza kujitolea kushika ngazi, kufuata waya garini, kuzungumza na wenye nyumba. Vijana wakasema mzee siku hizi anawaachia nafasi wajifunze. Yeye akajikaza kisabuni, akatabasamu.

Treni iliingia maishani mwake kupitia kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, kinyozi mwenye mdomo usio na breki. Mteja wake mmoja alikuwa anahama na kumwachia boksi la kadibodi.

"Shem, wewe ndiye mtu wa nyaya," alisema kinyozi, akalitua boksi mezani. "Hebu niambie hiki ni kitu gani."

Ndani mlikuwa na vipande vya reli ambavyo upana wake haukuzidi kidole, mabehewa mawili yaliyopinda, na injini ndogo ya kutosha kiganjani.

"Kumbe ni ya watoto," alisema mke wa Testa.

"Si ya watoto, dada. Yule bwana kaniambia ni modeli. Eti kuna treni kubwa na kuna zile za reli nyembamba, zilizokuwa zikibeba udongo, mawe, miwa, vitu vya namna hiyo. Hii ni mfano wa zile nyembamba."

Testa aliigeuza injini chini juu. Tumboni ilikuwa imeandikwa volti kumi na mbili. Akaenda nje kwenye pikipiki ya shemeji yake, akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri, akazigusisha kwenye magurudumu. Injini ikanguruma. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kifo cha Ngamia: akazishika zile nyaya kwa vidole vitupu, huku na huku. Hakusikia chochote. Umeme ulikuwa pale, unafanya kazi, na haukumdhuru. Alisimama uani ameshika zile nyaya mpaka shemeji akamuuliza kama anaiombea dua pikipiki yake.

Basi akaanza kujenga. Alichukua mlango wa kabati uliokwisha kazi, akaulaza juu ya meza chumba cha nyuma, kati ya cherehani na vitambaa vya wateja. Aliamua kutengeneza reli ya kiwanda cha matofali: machimbo ya udongo upande mmoja, tanuri upande wa pili, na katikati njia nyembamba inayopinda kilimani kama mkufu uliodondoka. Kilima alikifanya kwa sifongo la godoro kuukuu, akalifunika kwa magazeti na uji wa unga. Matofali yenyewe alikuwa akiyakata mojamoja kwa wembe kutoka kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, akayapaka rangi nyekundu. Kokoto za njia zilikuwa mchanga uliochekechwa kwa soksi ya mkewe.

"Baba Pacha, soksi zangu zinaenda wapi?" aliuliza mkewe.

"Zinasafiri kwa treni."

Walikuwa na mapacha waliokwisha kuolewa na kuhama, na nyumba ilikuwa kimya mno. Mama Pacha alifurahi kusikia mtu akipiga mluzi chumba cha nyuma. Aliona mambo mengine pia, lakini hakuyasema. Aliona kwamba mumewe, fundi umeme mzima, anapasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la gesi badala ya kununua kile cha kuchomeka ukutani. Aliona kwamba treni inakwenda kwa betri ya gari inayopelekwa kwa jirani kuchajiwa. Na aliona kwamba kila balbu ikiungua, Baba Pacha hupata udhuru wa kutoka, na mwenye kupanda kwenye kigoda ni yeye.

Shemeji ndiye aliyeleta balaa la maonyesho. Chama cha wapenzi wa modeli kilikuwa kikiandaa siku mbili za kuonyesha kazi za mikono, meli ndogo, nyumba ndogo, ndege, na kinyozi, bila kuuliza mtu, akaliandikisha jina la shemeji yake huku akimnyoa katibu wa chama.

"Nimekufanyia hisani, shem! Kitu kizuri namna hii kinakaa na cherehani?"

Testa alikasirika, kisha akapenda, kisha akaogopa. Alipopeleka modeli ukumbini katibu aliitazama betri akatikisa kichwa. Betri za asidi haziruhusiwi ndani. Mwaka uliopita moja ilimwagika ikatoboa zulia. Chama kitampa transfoma ya kuchomeka ukutani.

"Ukutani," alirudia Testa.

"Ndiyo. Soketi hiyo hapo nyuma yako. Wewe si mtu wa umeme? Kwako si ni kama kunywa maji?"

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi akavaa shati safi, akaichomeka testa mfukoni, akaenda kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Ukumbi ulikuwa wa zamani, wenye sakafu ya saruji na madirisha ya juu. Meza zilipangwa kuzunguka kuta, na mbele yake ukawekwa uzio wa mabomba ya chuma, vipande vilivyounganishwa mfululizo, ili watu waegemee bila kugusa kazi za wenyewe. Nje mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Watu waliingia na miavuli inayodondosha maji.

"Shem, hebu nichomekee hiyo," alisema Testa. "Mimi mikono ina gundi."

Haikuwa na gundi. Kinyozi akachomeka, na treni ikaondoka machimboni ikivuta mabehewa yake ya udongo, ikapanda kilima polepole, ikapita chini ya daraja la vijiti vya kiberiti, ikafika tanurini. Watu wakajaa. Mtu mmoja aliyevaa kofia ya mvua akasema aliwahi kuishi jirani na njia kama ile. Mama Pacha alikuwa ameketi nyuma ya meza na ushonaji wake, akiwajibu watu kwamba ndiyo, hayo matofali ni sabuni, tafadhali msinawe. Kwa muda, Testa alisahau.

Kisha mwanamke mmoja aliyeegemea uzio aliondoa mkono ghafla, akacheka.

"Ala! Chuma hiki kinauma."

"Kinauma vipi?" aliuliza mwenzake.

"Kama siafu. Jaribu."

Mwenzake akajaribu, akacheka naye.

Testa hakucheka. Alichomoa testa, akanyoosha mkono uliokuwa mzito kama wa mtu mwingine, akagusisha ncha kwenye bomba. Taa ndogo ndani ya mpini ikawaka nyekundu.

Uzio mzima ulikuwa na umeme. Mahali fulani waya uliochubuka ulikuwa umelalia chuma, na chuma kilizunguka ukumbi wote. Wenye viatu vikavu walisikia siafu. Lakini sakafu ilikuwa inaloana, na mwanamke wa usafi alikuwa anakuja na ndoo na tambara kukausha maji mlangoni, pekupeku, mikono imelowa.

"Msiguse chuma!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotarajia. "Ondokeni kwenye uzio! Wote! Mama, wewe mwenye ndoo, simama hapo hapo, usisogee!"

Wengine walirudi nyuma, wengine wakasogea kutazama kulikoni. Kinyozi, ambaye kwa mara ya kwanza mdomo wake ulipata kazi ya maana, akapanda juu ya kiti akaanza kupaza sauti: "Nyuma! Nyuma jamani, kuna umeme! Mikono mifukoni!"

"Swichi kuu iko wapi?" Testa alimuuliza katibu.

"Kile chumba nyuma ya jukwaa."

Alikimbia. Mama Pacha akamfuata, sindano bado iko mdomoni. Kilikuwa chumba kidogo chenye mbao za matangazo na ufagio, na ukutani palikuwa na boksi la chuma la kijivu, mlango wake wazi. Lilinguruma. Mlio wa chini, kama nyuki ndani ya chupa.

Alijua swichi ni ipi. Angeionyesha hata akiwa amefumba macho. Aliuamrisha mkono upande, nao haukupanda. Aliuona mkono mwingine pale, mrefu, wa Ngamia. Ukumbini kinyozi alikuwa akipaza sauti, na mtoto alikuwa akilia.

"Siwezi," alisema. "Mama Pacha, siwezi. Siwezi kugusa. Tangu Ngamia..."

"Najua," alisema mkewe, akaitoa sindano mdomoni akaichomeka kwenye kanga. "Unadhani nani anabadilisha balbu nyumba ile? Niambie mimi nifanye nini."

"Hapana."

"Baba Pacha. Kuna watu kule. Niambie."

Alichokiogopa kuliko kufa mwenyewe kilikuwa sasa mbele yake: mkewe, na lile boksi. Lakini maneno, ajabu, yalikuja yamenyooka, kama alivyokuwa akiwafundisha vijana wa kazini.

"Una viatu gani? Raba? Vizuri. Mikono ifute kwenye nguo. Mpaka ikauke, futa tena. Mkono wa kushoto uweke nyuma mgongoni, usishike kitu. Usiguse mlango wa boksi. Chukua huo ufagio, shika mwisho wa mti. Ile swichi kubwa nyekundu juu, unaiona? Simama pembeni, usisimame mbele yake. Isukume chini kwa mti. Kwa nguvu, mara moja."

Alitaka kufumba macho, akakataa kufumba. Mti ukapanda, ukayumba, ukakosa. Mama Pacha akasema neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya watoto. Akasukuma tena. Swichi ikashuka kwa kishindo, na mlio ukakatika.

Giza la mawingu likaingia ukumbini. Kisha sauti ya kinyozi: "Tulieni, tulieni, shemeji yangu yuko kazini!"

Testa alikaa sakafuni mgongo ukutani, akalia. Mkewe alikaa kando yake na ufagio mapajani.

Baadaye alisimama, kwa sababu kazi ilikuwa bado. Alipima uzio kwa testa, akapima tena, akapima mara nyingine, na hata baada ya hapo aliugusa kwanza kwa mgongo wa mkono. Akaufuata chuma hatua kwa hatua mpaka kwenye friji ya soda pembeni, ambapo mguu wa uzio ulikuwa umeukanyaga waya na kuuchuna. Akauvuta waya ule nje akamwonyesha katibu. Katibu alishika tama, akamtazama yule mwanamke wa usafi aliyekuwa bado amesimama palepale alipoambiwa, ndoo mkononi, hathubutu hata kuitua.

"Mama, unaweza kuitua sasa," Testa akamwambia kwa upole.

Siku ya pili uzio uliondolewa, kamba ikafungwa badala yake, na katibu mwenyewe akaileta betri ya Testa ndani, akaiweka juu ya sinia la plastiki. Treni ilikwenda mpaka jioni. Watu wengi walikuja kumtazama yeye kuliko treni, jambo lililomtesa sana, naye akajificha nyuma ya cherehani ya mkono ambayo mkewe alikuja nayo akijifanya anatafuta skrubu.

Jumatatu alikwenda kwa msimamizi wake kazini akafunga mlango. Alimweleza yote, na ilimchukua muda. Msimamizi hakucheka. Alisema angeambiwa mapema angefanya jambo mapema, kisha akamhamishia stoo ya mita na nyaya, kazi ya mezani yenye mshahara mdogo zaidi. Testa alikubali. Mpaka leo, siku za jua zuri, huwatazama wenzake wakipakia ngazi garini, na roho inamuuma.

Hofu haikuondoka. Friji ikinguruma ghafla bado humkatisha neno. Ila sasa humaliza kushtuka halafu humwambia mkewe, "Imenishtua," na mkewe husema, "Nimekuona," wakaendelea na yao. Kwenye chumba cha nyuma pameongezwa mlango wa pili wa kabati. Machimbo yamepata tawi la reli linaloelekea mtoni, na mto ni wa gundi inayong'aa ambayo, kwa siku tatu sasa, imekataa kabisa kukauka.