Ijumaa Nyanya Alipokosa Kuniona

Juzi laptopu yangu ilipomaliza kujisasisha, kivinjari kiliniuliza kama naruhusu kamera.

Nilikuwa mtoto tena, Al Thumama, mtaa wetu wa ughaibuni, Ijumaa, nyumba ikinuka vitunguu na vumbi la AC. Asubuhi hiyo Mama alikuwa amesasisha kompyuta. Nyanya alipopiga video kutoka Kenya, nilikimbia kusimama mlangoni mbele ya kamera, kama kila wiki, aone nilivyokua.

"Mjukuu wangu, sikuoni."

Mama alifunga kivinjari, akakifungua, akazima, akawasha, akilalamika. Mimi niliruka, nikapunga mikono. Niliamini tumekaa mbali mno hadi macho yake hayanifikii.

Kumbe ilikosekana ruhusa ile ya kamera tu. Juzi niliibonyeza upesi, nikajikuta nimesimama mlangoni kama zamani, ingawa Nyanya hayupo tena.