Anwani ya Ndugu Yangu

Afisa wa probesheni alipofika kwangu mtaa wa Hodge Hill, huku ughaibuni, hakuketi. Alikwenda moja kwa moja hadi dirisha la sebule, akatazama nje. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na geti la shule ya msingi.

"Humu ndani mnaishi wangapi?" akaniuliza.

"Wawili. Mimi na binti yangu. Ana miaka tisa."

Akaandika. Ndugu yangu mdogo alikuwa amebakiza wiki sita gerezani kwa unyama aliomtendea mtoto wa watu, naye alikuwa ametoa anwani yangu kuwa ndipo atakapoishi akitoka. Hakuwa ameniuliza. Nadhani alijua ningejibu nini.

Yule afisa alinieleza kwamba huku hakuna sheria inayotaja mtu kama huyo akae mita ngapi kutoka shuleni. Kila anwani huchunguzwa peke yake, na bila idhini ya ofisi yao ndugu yangu asingeweza kuishi popote. Jina lake lingekaa kwenye orodha ya polisi kwa miaka mingi, na kila akihama angelazimika kuwaarifu.

"Usijisumbue kuchunguza," nikamwambia. "Mimi nimekataa. Hata kama hiyo shule isingekuwepo."

Jioni Mama alipiga simu kutoka Nakuru. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Ndugu mliyenyonya ziwa moja, umemfungia mlango?"

"Mama, nina mtoto ndani ya nyumba."

"Huyo ni mjomba wake!"

"Ndiyo maana nakataa mapema."

Akakata simu. Nililia huku nikipiga pasi sare yangu ya kazini. Lakini kumkataa kwangu hakukuwa kumtupa. Mtu anayelala leo hapa kesho pale ni vigumu kumfuatilia, na mimi nilitaka ajulikane alipo. Nikaamua kwamba chumba chake nitakitafuta mwenyewe.

Siku zangu za mapumziko zikaishia humo. Mtaa wa Great Barr nilipata chumba kizuri, hata nikaanza kufurahi, mpaka nilipotoka uani nikasikia watoto wakiimba. Nyuma ya ua kulikuwa na chekechea. Small Heath kulikuwa na chumba juu ya duka la vitambaa, lakini ngazi zilezile zilipandwa na watoto waendao madrasa. Nilishuka bila kuuliza kodi.

Kila mwenye nyumba nilimweleza kosa la ndugu yangu kabla hajauliza lolote. Mmoja alinikatia simu. Mwingine alinitazama kana kwamba nimelitenda mimi. Mfanyakazi mwenzangu, Mkongo, akanishauri ninyamaze kwanza, mengine yatajulikana baadaye.

"Kama angekuwa anahamia karibu na wanao," nikamwuliza, "ungetaka ninyamaze?"



Zikiwa zimebaki siku nane, nilimpata mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Alikuwa na karakana ya matairi, na chumba kitupu juu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili, "Akae. Lakini polisi wakija wapite mlango wa mbele. Sitaki mambo ya kujificha hapa."

Afisa wa probesheni aliuzunguka mtaa ule wote mara mbili, ndipo akaidhinisha.

Siku ya kutoka, nilimsubiri ndugu yangu chumbani nikiwa na mablanketi. Alikuwa amekonda. Alisimama mlangoni kama mgeni.

"Asante, dada. Nisalimie mtoto."

"Hapana."

"Hata salamu tu?"

"Hata salamu. Mimi nitakuja kila Jumapili nikitoka kanisani, peke yangu."

Akaitikia kwa kichwa. Nikamrushia ncha moja ya shuka, tukatandika kitanda.

Mama alikaa miezi miwili bila kusema nami. Alipopiga tena, hakugusia habari ya mlango. Aliuliza kama kile chumba kina hita, kwa sababu amesikia baridi ya huko ni kali.

"Kina hita, Mama," nikamwambia. "Niliikagua mwenyewe."