Hita ya Miguu ya Mama

To. Kimya. To. Kimya. Halafu to-to, mbili za haraka, kana kwamba tone la nyuma limechoka kusubiri foleni.

Ni sauti ya maji ya moto yakidondokea kapeti la mpira, ndani ya gari dogo, kwenye miguu ya mama yangu. Sasa mimi ni mtu mzima, nina cherehani yangu na chumba changu hapa hapa Tabora, na mchana kutwa nikishona sare za shule naota duka la magauni ya harusi lenye vioo mpaka chini. Mimi ni mtu wa kucheka, wanaonijua watawaambia. Lakini bomba la nyumba ninayopanga likianza kudondoka kwenye ndoo, to, kimya, to, hasira inanipanda kabla sijakumbuka inatoka wapi. Basi kaeni niwaambie inatoka wapi.

Baba alikuwa dereva wa mzungu mmoja mnunuzi wa tumbaku kule Usoke. Mzungu yule alipoondoka kurudi kwao moja kwa moja, alimwachia baba gari lake la kutembelea. Lilikuwa gari la mbio, la kijani, viti viwili tu, paa lake turubai la kukunja, na lilikaa chini mno, hata mbuzi akisimama kando mnaangaliana uso kwa uso. Mtaani wakalibatiza Panzi. Watoto walilikimbilia wakiimba, na akina mama waliokuwa wakianua michembe, viazi vitamu vikavu, kwenye mikeka waliinua vichwa, wakasema, "Haya, panzi wa Mama Tatu huyo karuka." Tatu ndiye mimi. Nafasi yangu ilikuwa nyuma ya viti, pale pa kuwekea mkoba, magoti yamegusa kidevu, na vumbi lote la Unyamwezi likinipitia puani. Nilijiona malkia.

Panzi alikuwa na hita. Mnacheka? Hata mtaani walicheka. Jua la Tabora la mwezi wa kumi linaweza kukuivisha ukiwa umesimama, na gari lina mashine ya kuleta joto! Lakini anayecheka hajasafiri alfajiri ya kipupwe, mwezi wa saba, katika gari lisilofunga vizuri paa, kwenda Bukene kwa bibi mzaa mama. Mama alikuwa na baridi yabisi ya miguu. Asubuhi za namna ile alishuka kitandani kwa kushika ukuta. Ndani ya Panzi alivua kandambili, akainyoosha miguu yake mbele, akafunika magoti kwa khanga, na ile hewa ya moto yenye harufu ya vumbi na mpira ikampulizia vidole mpaka akasinzia. Baba alimtupia jicho, akarudisha jicho barabarani. Mimi nyuma nilikuwa nikitetemeka kama kifaranga, lakini nilikuwa nimeona.

Halafu hita ikaanza kuvuja. To. Kimya. To. Ndani ya hita kuna kirejeta kidogo, kinapitisha maji ya moto ya injini kwa mipira miwili, wa kuingizia na wa kutolea, na hicho ndicho kilichotoboka. Maji yalikuwa ya kijani, yananuka utamu wa ajabu, na yaliunguza. Mama akawa anakaa amekunja miguu kama fundi viatu.

Ushauri ulimiminika kuliko maji. Baba mdogo Ramadhani, mdogo wake baba, alisema jambo hilo ni la dakika tano: ng'oa mipira ile miwili, iunganishe yenyewe kwa yenyewe, maji yasipite kabisa kwenye hita, kwisha habari. "Hita Tabora, kaka? Kesho utamnunulia jiko sweta."

Baba akajibu huku amelala chali chini ya dashibodi, miguu nje, "Hii si hita ya Tabora. Ni hita ya miguu ya mke wangu."

Akaitoa. Akaiweka kwenye karai la kufulia, pale ukumbini, akaniambia, "Kesho nampelekea yule mpwani aichomee. Atanisimanga mpaka jioni, lakini mkono wake ni mzuri."

Mpwani mwenyewe alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo, fundi rejeta, gereji yake ilikuwa ng'ambo ya reli. Na hapa lazima nisimame kidogo kwa faida ya wageni. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Mababu zetu walibeba pembe na mizigo kwa miguu kutoka huku mpaka pwani, wakapita katika nchi za watu, wakagombana nao, wakala nao, wakazikana nao, na mwisho wakaamua kutaniana. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako, unacheka. Anachukua kuku wako, unacheka. Na ukifiwa, mtani anakuja msibani kufanya vituko, na kuondoka na kitu cha marehemu kinachoitwa fungu lake. Kuchukia ni marufuku. Baba na Mzee Kondo walitukanana kila siku ya Mungu. Baba alikuwa akimwambia, "Mzaramo akisikia ngoma, hata jeneza analitua chini." Mzee naye akimwita baba mpagazi aliyepata gari, lakini bado anatafuta namna ya kulibeba kichwani.

Kesho ilipofika, hakwenda. Baba aliamka, akasema kichwa kinamgonga, akaketi kwenye ngazi ya mlango kuvaa viatu, akabaki ameketi. Wakasema presha. Nilikuwa na miaka kumi.

Msibani wamejaa watu, mama yuko ndani na wanawake, mimi nimeshika nguzo ya ukumbi. Ndipo nikamsikia baba. Wallahi nilisikia sauti ya baba! "Mke wangu, funika magoti, nakuwashia moto!" Nikakimbia nje. Alikuwa Mzee Kondo. Amevaa koti la baba, lile la kahawia, kofia ya baba ameishusha usoni, amekaa ndani ya Panzi, anazungusha usukani, anakunja shingo vile vile baba alivyokuwa akiikunja. "Puuu! Joto limekuja! Jamani Wanyamwezi, mmezoea kutembea, mmepewa gari mmelifanya jiko!" Na watu wakacheka. Baba mdogo alicheka mpaka akashika tumbo. Wanawake ndani wakacheka. Maiti ya baba yangu ilikuwa haijatoka nyumbani.

Kisha akashuka, akaingia ukumbini, akaliona karai. Akalibeba kichwani na hita ndani yake, akitikisa kiuno. "Fungu langu hili! Mwenye wivu anifuate!" Hakuna aliyemfuata. Nilimsonya kwa nguvu zote za meno yangu ya mbele, na shangazi akanifinya.

Nilimchukia Mzee Kondo kwa bidii ambayo sikuwahi kuiweka hata kwenye masomo. Nililala na chuki hiyo, nikaamka nayo. Eda ya mama ilipokaribia kwisha, tukaambiwa kwamba akishatoka ndani atapelekwa Bukene kwa mama yake, apumzike. Ilikuwa kipupwe tena. Baba mdogo ndiye atakayeendesha Panzi, na alikuwa ameshatayarisha kipande cha bomba cha kuunganishia ile mipira miwili. Nilikaa mbele ya gari.

"Huunganishi."

"Tatu, toka hapo."

"Mama atasafiri na hita. Baba alisema."

"Hita gani, wakati mwenye nayo sasa ni mtani? Nenda kaombe, uone."

Nikaenda. Nilivuka reli peke yangu, nimevaa sare ya shule ili nionekane mtu wa maana. Gereji ilinuka risasi ya kuchomelea iliyoyeyushwa na oili iliyoungua. Mzee Kondo aliponiona alipaza salamu ya Kinyamwezi vijana wake wote wasikie.

"Mwangaluka, Mnyamwezi! Leo umekuja kubeba mzigo gani? Pembe zimekwisha!"

Sikumwamkia. Kwetu, mtoto kumkalia mkubwa kimya bila shikamoo ni sawa na kumtupia mchanga. Nilifanya makusudi.

"Nataka hita ya baba."

"Baba yako kaiacha duniani, mimi nimeiokota."

"Hukuokota! Umechukua kwetu! Na karai letu la kufulia umechukua!"

Vijana wakaangua kicheko. "Mzee, hata karai?" mmoja akauliza.

"Karai nachemshia mihogo," akasema. "Mihogo ya ndani ya karai la Kinyamwezi ina utamu wake."

"Na ulicheka baba amekufa," nikasema.

Kicheko kikakatika. Mzee Kondo akachukua kitambaa, akaifuta mikono yake kidole kimoja kimoja, kama mtu anayejiandaa kula.

"Mtani hachukii, binti."

"Mimi nimechukia."

"Haya, chukia." Akageukia meza yake. "Lakini fungu la mtani halirudi kwa kuombwa. Tangu enzi za wazee wenu, wakipita na miguu yao yenye magaga. Likirudi kwenu, limeibwa. Na nyie kazi yenu kubeba, kuiba hamjui. Hata Ijumaa nikienda kuswali naondoka roho imetulia."

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, kamasi na machozi vimechanganyika na vumbi la reli. Nikamweleza mama kupitia mlango wa chumba chake, maana alikuwa bado ndani. Nilisubiri aseme yule mzee hana adabu. Badala yake nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba. Alikuwa anacheka, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi.

"Amekwambia uibe?"

"Ndiyo."

"Ijumaa huwa anatoka saa ngapi?"

Yaani hata mama! Niliona dunia nzima imepotoka. Lakini Ijumaa adhana ilipoisha nilikuwa nimejibanza nyuma ya kibanda cha muuza mkaa. Nikamwona Mzee Kondo akitoka na kanzu yake, vijana wake nyuma yake. Nikahesabu pumzi, nikaingia mbio. Hita ilikuwa juu ya meza, katikati, juu ya gazeti safi. Pale palipotoboka palikuwa na mstari mpya wa risasi unaong'aa kama samaki. Pembeni klipu mbili mpya za kubania mipira, zimefungwa kwa uzi pamoja na hita yenyewe. Nikajisemea, bahati ilioje, vyote viko mahali pamoja! Nikavikumbatia nikakimbia. Karai sikulitafuta. Nilimwachia mihogo yake.

Baba mdogo aliifunga kesho yake huku akiguna. Akamimina maji, akawasha injini, nikalala chini ya dashibodi shavu langu kwenye kapeti la mpira, nikasikiliza. Injini ikapata moto. Kimya. Nikasubiri to. Kimya tu.

Jioni ile Mzee Kondo alipita mbele ya nyumba yetu akipiga mayowe. "Nimeibiwa! Tabora hakukaliki! Wapagazi wamenimaliza!" Na mama, kutoka ndani, nyuma ya ukuta, akapaza sauti, "Wewe uliacha kazi ukafuata ngoma! Mzaramo akisikia ngoma hata jeneza analitua!" Maneno ya baba. Mtaa mzima ukacheka, na Mzee Kondo akacheka mpaka akaegemea ukuta wetu, paji la uso kwenye tofali. Akakaa hivyo, mabega yanatikisika, hata wengine walipokwisha kunyamaza. Nilikuwa dirishani. Nilikasirika upya. Nikasema moyoni, huyu mzee hachoki kucheka?

Mama alisafiri kwenda Bukene amenyoosha miguu.

Sikuelewa mpaka nilipokuwa msichana mkubwa, siku moja nikipita pale gerejini, nikamkuta Mzee Kondo anafunga jioni. Alifunga lango kwa kufuli. Akafunga kabati la spana kwa kufuli. Akafunga hata pipa la oili chafu, oili ya kumwaga, kwa mnyororo. Nikasimama pale barabarani kama niliyepigwa kofi. Mtu wa namna ile, Ijumaa ile, aliacha lango wazi na hita juu ya gazeti. Na kumbe ukutani kwetu hakuwa akicheka. Mtani hana ruhusa ya kulia msibani kwa mtani wake. Kazi yake ni kuwachekesha wenye haki ya kulia. Rafiki yake mkubwa kuliko wote mjini hapa alikufa, na yeye desturi ikamvalisha koti la rafiki huyo, ikamwambia cheza.

Lakini nisiwadanganye, hasira yangu haijaisha yote. Haimhusu yeye tena. Inawahusu wakubwa wote waliokuwa ukumbini siku ile, wakajua kinachofanyika, na hakuna hata mmoja aliyeinama akamnong'oneza mtoto wa miaka kumi. Walinifinya. Mkiwa na watoto msibani, inameni. Maneno mawili tu yanatosha.

Siku ile ya Ijumaa nilikuwa nimeshavuka reli, hita kifuani, nilipogeuka nyuma. Gereji ilikuwa wazi, spana zote zimetandazwa mezani, mtaa mtupu, watu wote wamekwenda kuswali. Nikasonya. Nikaiweka hita chini kwenye majani makavu, nikarudi, nikalisukuma lile lango la bati kwa bega mpaka likafika mwisho, na kwa kuwa kufuli sikuliona, nikalizungushia waya mara nyingi kadiri nilivyoweza.