Mtaalamu wa Ufa

Mtaalamu ni kijana wa umri wa mwanawe Paskalina, na bado shikamoo hakumpa. Paskalina alimchoka kabla jua halijapanda. Amekuja Mhunze kuutafuta ufa wa ardhini, ule unaosemekana ulipasua ukuta wa Paskalina siku ya tetemeko. Amechomeka vinasa mtetemo, vifaa vinavyopeleka kila mtikisiko wa ardhi kwenye kompyuta, shambani kwa Paskalina, na kibarua anapiga ardhi kwa nyundo. Kila nyundo ikiinuliwa, mtaalamu hunyoosha kidole laini kama cha bwana harusi na kunong'ona, "Msitembee." Watu husimama kama vigingi. Hata hivyo mistari kwenye kompyuta yake ilizidi kutetemeka. Akafukuza ng'ombe. Akamzuia jirani kutwanga. Mwisho akamgeukia Paskalina.

"Mama, huyo mjukuu anakohoa. Mpeleke kule."

"Kule ni juani, baba."

"Ndiyo, kule."

Paskalina aliporudi, alimkuta mtaalamu anakodolea macho gari lake mwenyewe, lililokuwa likinguruma kando ya vinasa tangu asubuhi ili jokofu la ndani lisizime, maji yake ya kunywa yasipate moto. Mtaalamu akaenda taratibu, akazima injini. Mistari ikalala. Akajifuta kidole kwa leso, akawatazama wote.

"Mnaona? Mkitulia ninyi, na ardhi inatulia."