Majivu Juu ya Matone ya Oili

Harufu ya oili iliyoungua hunipandisha hasira. Juzi jirani yangu wa bodaboda alisimamisha pikipiki kwenye mteremko, mbele ya mlango wangu, akachomoa kijiti cha oili, akakiangalia, akaridhika. Nilitoka na mtoto mgongoni.

"Hapo si sawa! Peleka mahali tambarare ndio upime!"

"Haiya! Mathe, umekuwa fundi tangu lini?"

Tangu nikiwa na miaka kumi na moja, nikamjibu, nikafunga mlango kabla hajauona uso wangu ukibadilika. Nyinyi nitawaeleza.

Baba yangu alikuwa mpandishaji wa ng'ombe kule Kanyakine. Mtungi wa mbegu za fahali aliufunga nyuma ya pikipiki kuukuu iliyonizidi umri. Ng'ombe akishikwa na joto hangoji mtu; ukichelewa, mwenye ng'ombe anaita mpandishaji mwingine. Kwa hivyo injini ile iliheshimiwa kwetu kuliko watoto. Kila asubuhi Baba aliiwasha ipate moto huku akinywa chai, akaizima, akalowesha kidole kwa mate na kugusa chuma. Ikilia chii, tungoje oili iteremke. Ikinyamaza, zamu yangu: nifute kijiti, nitumbukize, nichomoe, nisome.

"Kendi ana macho kuniliko," aliwaambia wageni, nami nikavimba kichwa.

Sharti lilikuwa moja. Boma letu, kama maboma yote ya huko, lilikuwa limelala ubavu. Palipokuwa sawa ni uwanja wa kuanikia mahindi tu, chini kule. "Mteremko ni mwongo," Baba alisema. "Pima uwanjani."

Siku ya kufunga shule ilikuwa imenyesha. Nilikuwa na soksi mpya, nyeupe pe, na kutoka mlango wa jikoni mpaka uwanjani kulikuwa matope matupu. Baba alikuwa ndani akitafuta koti. Nikapimia palepale mlangoni, pikipiki iliposimama. Oili yote ilikuwa imekimbilia upande wa kijiti. Kikatoka kimelowa mpaka juu, kikadondosha matone mawili kwenye jiwe la kizingiti.

"Imejaa?"

"Imejaa, Baba."

Akaenda. Hakuangalia tena. Kwa nini aangalie?

Alirudi saa nane akiisukuma, mtungi begani. Injini ilikuwa imeshika, ikakataa kuzunguka, akipanda kilima cha pili. Mama alikuwa bado shambani. Baba alisimama mlangoni pa jikoni akatazama jiwe, kisha akatazama uwanja kule chini. Akaingia, akatoka na majivu mkononi, akayamwaga juu ya jiwe na kuyasugua kwa kiatu. Nilidhani anasafisha. Soksi zangu zilikuwa bado nyeupe.

Fundi alikuja jioni, akaifungua. "Mzee, hii imekauka. Nani alipima?"

"Mimi," Baba akasema. "Nilisahau."

Mama akapiga makofi kwa mshangao. "Baba Kendi! Mtu mzima, unasahau oili kama mtoto?"

"Nilisahau, mama."

Nilikuwa karibu nao, na kikombe cha chai ya fundi mkononi. Nikampa fundi, nikarudi jikoni. Injini haikupona. Baba alitembea kwa miguu miaka mitatu, akifika ng'ombe wameshapandishwa na kijana mwenye pikipiki mpya, mpaka watu wakaacha kumwita. Asubuhi aliendelea kuniambia nina macho kumliko, na mimi nikala ile sifa pamoja na uji.

Wiki iliyopita binti yangu alinidanganya kwamba amefunika maziwa, paka akayamaliza. Nilimchapa. Alipokuwa akilia nikaona majivu, kiatu kikisugua, na ndipo nikaelewa, mwanamke mzima na watoto wawili: hakuwa anasafisha. Alikuwa anafuta matone yangu kabla Mama hajatoka shambani.

Yuko kaburini sasa, na bado namkasirikia. Angenichapa siku ile, yangeisha siku ile.